Klavye ya Valens Ikinyamaza

Watu wa Kirolirwe wakitaka kucheka, wanaongea juu ya Valens. Wanasema mbuzi akikohoa ku kilima, Valens anatafuta viatu. Uongo mutupu. Hatafuti viatu, sababu havui. Muke wake Mukamurenzi aliniambia kama kukisikika risasi mchana, bwana analala na viatu mu miguu, na kamba imefungwa. Mimi, Mama Shekinah, nauza maziwa ku soko, chini ya dirisha ya biro yake, ofisi ya koperative, na nimechoka na ile kicheko yao. Leo nitasema mimi.

Kwanza mujue kitu moja. Binti yangu Shekinah alizaliwa na muguu moja mufupi kuliko mwingine. Anatembea na fimbo, na anatembea muzuri, lakini kukimbia hapana. Na kwetu huku, wenye bunduki wakishuka ku soko, muntu wa polepole njo anabakia. Wanamubebesha mizigo mupaka kule misitu ya Walikale, na kama ni binti, afazali ninyamaze. Sasa mama wa mutoto kama huyu hawezi kungojea asikie risasi. Anapaswa kujua mapema, mbele ya watu wote, ama amupoteze. Ile njo woga yangu ya kila asubuhi, kabla hata sijanawa uso.

Valens naye aliogopa tangu utoto. Baba yake, muzee Nzabandora, alikuwa anachunga ngombe ya watu kule juu. Siku moja kijiji ilishambuliwa, na muzee akamusukuma mutoto mu zizi ya ndama, akamufunika na majani. Valens alilala pale katikati ya ndama, na kitu alichoshika ile siku ni kwamba kabla ya mabaya, ngombe ziliacha kutafuna. Zote, mara moja. Tangu pale, akisikia kitu asichokijua, na yeye anaacha. Akiwa anakula, mukono unasimama mu sahani. Akiwa anasali, amina inabakia mu koo. Mukamurenzi anasema wakati wa uchumba alizania bwana iko na ugonjwa.

Kuandika na mashine alifundishwa ku parokia ya Ngungu, na katekista moja anaitwa Léonard, ku mashine ya zamani ya chuma. Walikuwa wanaweka karatasi nyingi pamoja na kaboni katikati, na usipopiga na nguvu, karatasi ya chini inabakia nyeupe. Basi Valens alijifunza kupiga kama muntu anapigilia misumari. Wakati koperative yetu ya maziwa ilimuajiri sekretere na kumupa kompyuta, aliua ile kompyuta. Herufi ya a ilitoka ya kwanza, halafu zingine zikafuata, akawa anazichunga mu kifuniko ya Fanta. Njo wakamuletea kutoka Goma klavye ya pembeni, ubao ya herufi za kubonyeza, ile nzito wanayoita ya mekanike, kila herufi iko na chemchem yake ndani. Ile haikufa. Lakini kelele yake, Yesu wangu. Tak-tak-tak mupaka ku barabara.

Biro yenyewe ni chumba moja, meza tatu. Valens anakaa ku dirisha, sababu anataka kuona barabara inayotoka Sake. Nyuma yake iko Mama Généreuse, anapigia simu wakusanyaji wa maziwa. Ku kona iko Edmond, docta wa ngombe, kijana anayejisikia kidogo. Edmond anatengeneza sauti ku WhatsApp, anafundisha wafugaji namna ya kuosha matiti ya ngombe, namna ya kujua homa. Na kila sauti yake ilitoka na ile tak-tak nyuma. Mufugaji moja wa Bweremana alimuandikia: "Docta, nani anakukaangia mahindi?" Edmond alikasirika sana. Mama Généreuse naye alisema akitoka kazini, kichwa yake inaendelea kupigwa mupaka usiku.

Wakasema basi, itafutwe klavye ya kimya. Valens aliomba kitu moja: iwe ya mekanike vilevile, sababu ile ya bapa itakufa mu mwezi. Faustin, dereva wa gari ya fromaji, jibini yetu, akaleta mbili za kujaribu kutoka duka moja ya Goma.

Nilikuwepo, nilikuwa nimewapelekea maziwa ya moto. Edmond aliweka simu yake katikati ya meza ili irekodi, na Valens akaandika Baba Yetu ku klavye ya kwanza. Haikusikika hata kidogo. Lakini alipoangalia ku kioo, mukate wetu wa kila siku uliandikwa mukkkate. Akasema vidole inazama tu, kama mu ugali ya moto, haijui kama imefika.

Ya pili ilikuwa tofauti. Alibonyeza herufi moja, akabonyeza tena, akatabasamu. "Hii inajibu," alisema. "Katikati ya njia inakusukuma kidogo, unajua herufi imeingia, hauna lazima ya kupiga mupaka chini." Mama Généreuse akatandika kipande ya blanketi chini yake, na sauti iliyobakia ilikuwa kama panya anatembea ku nguo. Edmond alisikiliza simu yake, akasema asante Mungu.

Valens mwenyewe njo alifurahi kuliko wote. Aliniambia pale ku mulango: "Mama Shekinah, sasa nitasikia barabara muzuri. Ile kelele yangu ilikuwa inanifunika masikio." Nikamuambia ni vizuri, nikachukua vikombe yangu nikatoka. Kweli nilifikiri ni vizuri. Klavye zote mbili ilirudi Goma na Faustin, wakamalize mambo na duka, na mimi nikaisahau.

Ile inayojibu ilifika ku meza ya Valens Ijumaa, siku ya soko, asubuhi sana, bila muntu kuniambia.

Sasa nieleze kitu ambacho hata sisi wamama hatukuwa tumekisema kwa kinywa. Ukikaa chini ya ile dirisha kila siku, tak-tak inaingia ndani yako. Hauisikilizi, lakini unaisikia. Ikisimama kidogo, ni Valens ameona moto, pikipiki isiyojulikana. Ikianza tena, moto imepita. Lakini ikisimama na isianze, mukono wangu unaenda peke yake ku kifuniko ya bido yangu ya maziwa, nafunga, tunakimbia. Mara mbili ile kifuniko ilituokoa, mimi na mutoto. Jirani yangu Mukundwa anayeuza maharagi hawezi kusikia klavye muzuri pale alipo, lakini anaona mukono wangu, na yeye anafunga gunia. Wa mustari wa nyuma wanaona gunia ya Mukundwa. Hakuna aliyepanga. Hatukumuambia Valens, na kumuambia nini? Kama woga yake inatusaidia? Angeona haya.

Ile Ijumaa nilimusikia akiingia, akasalimia, akavuta kiti. Nikangojea tak-tak. Hakuna. Nikapimia muteja maziwa, nikangojea tena. Hakuna. Nikainua macho ku dirisha: kichwa yake imeinama, hasogei, uso umekaza.  Nilijisemea, ameona kitu, na anaogopa mupaka hawezi hata kusimama.

Nikaweka kifuniko.

Mukundwa akafunga gunia. Nyuma yetu nikasikia mabeseni inagongana, na halafu hakuna tena kuuliza, soko yote iko mbio. Nilimushika Shekinah ku mukono, tukapanda upande wa mikaratusi. Watu walikuwa wanatupita kila upande. Muntu akamugonga bega, vidole yake ikatoka mu yangu, na nilipogeuka sikumuona tena. Na pale chini ku bariere ya barabara, wale wenye bunduki wanaosimamisha magari na kamba waliona watu wanakimbia, na wao wakashituka, wakapiga risasi hewani. Basi kila muntu akajua ni kweli.

Nilipiga mayowe ya jina yake mupaka sauti ikakatika. Sitaki kuongea mingi juu ya ile saa. Nilikuwa nashuka wakati wote wanapanda, na wananitukana, na nilikuwa nafikiri misitu ya Walikale, ile njia ya matope, na mutoto wangu na fimbo yake na gunia ya muntu ku kichwa. Nilimukuta mu shamba ya maharagi, amelala chini, fimbo imevunjika. Alikuwa amejiwekea mukono ku kinywa ili asilie.

Njo tukaona Valens anakuja, anakimbia na viatu yake, mufuko ku mugongo, jasho inatiririka.

"Mumeona nini?" aliniuliza.

"Wewe umeona nini?"

"Mimi? Mimi nimewaona ninyi munakimbia."

Tukaangaliana. Nikamuambia: "Valens, ulinyamaza."

"Sikunyamaza, mama. Nilikuwa naandika. Naandika tangu asubuhi."

Nikamueleza pale, mu maharagi ya watu, yote: kifuniko, gunia, mustari wa nyuma. Nilizania atacheka ao atakasirika. Alikaa chini. Aliangalia Shekinah, akaangalia fimbo, halafu vidole yake. "Soko yote?" aliuliza. "Soko yote ilikuwa inanisikiliza mimi?"

Hakuna aliyekufa ile siku, Mungu asifiwe. Maziwa ilimwagika, kuku ziliibiwa, muzee moja akavunjika kiwiko. Wamama tulienda mu biro na tukasema klavye ya kelele irudi. Edmond akaanza kutaja kazi yake, na wafugaji wake, na sauti yake. Mukundwa akamukata: "Docta, ngombe itaogeshwa matiti hata na tak-tak." Tangu pale Edmond anatengeneza sauti yake nyuma ya choo, na wafugaji wanasikia nzi. Ile ya kimya ikawekwa ku kabati na blanketi yake.

Lakini Valens aliharibika. Mbele alikuwa anaogopa barabara tu, sasa akaogopa na vidole yake. Hakupumzika. Kazi ikiisha, anaandika Baba Yetu. Mama Généreuse aliona kurasa na kurasa ya Baba Yetu, haina nukta. Anakunywa maziwa na mukono wa kushoto, wa kulia uko unapiga. Akitaka kutoka, anatoa kwanza kichwa ku dirisha: "Mama Shekinah, naenda choo." Na soko yote inajibu: "Enda, papa, usikawie." Tulicheka, ndiyo. Lakini mimi nilikuwa naona macho yake, ilikuwa inaingia ndani. Siku moja nilimuambia apumzike hata kidogo, tutaelewa. Akasema, "Na ile siku itakuwa kweli, mama? Mutajuaje?" Nilirudi ku maziwa yangu.

Ile siku ilikuja na ukungu. Valens alikuwa anaangalia barabara kama kawaida, lakini wenye bunduki hawakupitia barabara.

Sisi inje hatukuona kitu. Soko ilikuwa imejaa, Shekinah alikuwa kando yangu anaosha vipimo, tak-tak iko juu ya kichwa yetu, na moyo wangu ulikuwa umetulia. Nilikuwa hata nasema na Mukundwa juu ya bei ya mihogo. Halafu ikasimama.

Nilingojea "naenda choo." Niliinua macho, nikamuona amekaa vilevile, uso haugeuki. Nikangojea tena kidogo. Mukono wangu ulikuwa tayari ku kifuniko, lakini nilikumbuka ile Ijumaa, risasi hewani, kiwiko ya muzee, na nikaogopa kuaibika. Niseme ukweli, sikujua nifanye nini.

Halafu ikaanza tena. Tak. Kimya. Tak. Kimya. Tak.

Kidole moja. Kama kuku anadonoa.

Haki ya Mungu. Valens hajawahi kupiga na kidole moja tangu Ngungu. Ile haikuwa mukono wa Valens. Niliweka kifuniko na sikupiga kelele, na Mukundwa hakupiga kelele, alifunga gunia na kushika mutoto wake ku mugongo. Tulitoka polepole kama watu wanaenda kusalimia wagonjwa, mustari kwa mustari, kupitia nyuma ya duka ya chumvi. Tulianza kukimbia tu mu ukungu. Nilimubeba Shekinah ku mugongo, mukubwa vile alivyo. Wakati wenye bunduki walifunga ncha ya chini ya soko, sisi tulikuwa tumevuka kijito. Tulilala kule juu, kwa watu wa ndugu yangu Makuza, na Shekinah alikuwa amenishika nguo usiku muzima.

Ya ndani ilisemwa na Mama Généreuse. Walikuwa wameingia kupitia mulango wa nyuma, upande wa zizi, watu watatu na bunduki. Mukubwa wao alisema kwa sauti ya chini, hata kwa heshima: "Sekretere, endelea na kazi yako. Kusiwe muntu wa kushituka inje." Wenzao walikuwa wanazunguka soko, walihitaji wakati kidogo. Mama Généreuse aliwekwa chini ya meza; Edmond ile siku alikuwa kwa wafugaji. Na Valens akaendelea. Anasema Valens alikuwa analia na anaandika, jasho inaanguka ku herufi.

Halafu akatoa mikono, akaiweka ku magoti.

"Andika," yule mukubwa alisema.

"Naogopa, papa," Valens alijibu. "Vidole imekataa. Naogopa sana."

Walimuwekea bunduki ku shingo, na mikono ikabakia ku magoti. Njo moja wao akainama na kubonyeza yeye mwenyewe ili kelele isikatike, na ile kidole yake. Walipotoka na kukuta soko ni meza tu na kabichi, walirudi mu biro. Waliweka mikono yake ku meza, pale kando ya klavye, na wakapiga na kitako ya bunduki. Mama Généreuse hawezi kumaliza ile sehemu, kila mara anaachia pale.

Wako watu wanasema Valens hakufanya kusudi. Wanasema alikuwa muoga tu, mikono ikamuganda. Nilimuuliza yeye mwenyewe, wakati nilimupelekea maziwa ku hospitali na kumunywesha kama mutoto. Alisema: "Nilikuwa naogopa, Mama Shekinah. Ile njo yote." Kisha akaniuliza kama Shekinah alivuka kijito. Nikamuambia alivuka. Akafunga macho, na mimi nilitoka inje nikalia mupaka muuguzi akaniletea kiti.

Vidole nne ya Valens haikunjiki tena. Ku klavye ya kelele haina nguvu. Mama Généreuse alitoa ile ya kimya ku kabati, ile inayojibu, na aliweza kubonyeza polepole, herufi kwa herufi. Lakini soko ilikuwa imerudi, na wamama walikuwa wanauza macho ku dirisha, hakuna anayesikia kitu, na kila beseni ikianguka tulikuwa tunaruka.

Ni Shekinah aliyesema atapiga yeye ile ya kelele. Alikuwa amemaliza shule ya musingi, na kukaa ku kiti hakuhitaji miguu. Nilikataa. Nilisema mulango wa nyuma, nilisema bunduki, nilisema mambo mingi. Valens hakunibishia. Alisema tu sasa meza imegeuzwa, anayekaa anaona barabara na zizi pamoja, na mutoto atakuwa wa kwanza kuona, si wa mwisho. Na yeye Valens atakaa kando yake, na viatu yake.

Sasa Valens anasoma na Shekinah anapiga, ku ile ya kelele. Anapiga na nguvu kama alivyofundishwa. Lakini bado anajifunza, na kuna herufi zinamupotea. Akiacha kupiga, mukono wangu unaenda ku kifuniko, na Mukundwa ananiangalia, na wa nyuma wanamuangalia Mukundwa. Valens anatoa kichwa ku dirisha: "Anatafuta herufi tu, Mama Shekinah."

Namuambia sawa. Lakini mukono siutoi mupaka nisikie ameipata.